Mwaka Tuliohesabiwa kwa Sigiri

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, mwenyekiti wa mtaa wa juu aliponirudishia karatasi yangu bila muhuri. Naijua saa hiyo barabara kwa sababu mkononi nilivaa saa ya Mzee Opio, mpiga ishara mstaafu wa reli. Aliniazima akisema kwamba mtu anayekwenda kuomba kitu ofisini lazima ajue alifika saa ngapi na aliondoka saa ngapi, ili baadaye wasimwambie kwamba hakufika. Nilifika saa mbili kamili. Mwenyekiti alinikaribisha vizuri, akasoma barua yangu mara mbili, akafungua kisanduku cha muhuri, akakitazama kidau cha wino, kisha akakifunga. "Dada, mimi sikatai," alisema. "Lakini nyinyi watu wa Laini hamkai. Nyinyi mnapita. Leo polisi wanahamisha baba, kesho reli inafunga nyumba. Nitamjuaje mtu anayepita?" Nikamwambia kwamba mimi napita hapo tangu vita viishe. "Kale, sawa," alisema, akinipa karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. "Ukimaliza kupita, njoo."

Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba mimi, Sabina, ni mkazi wa Nsambya, najulikana, na sina kesi. Bila barua hiyo, shule moja kule Kyambogo isingeniandikisha kufanya mtihani wa sinia foo, yaani kidato cha nne, nikiwa mtahiniwa wa nje. Shule niliiachia sinia tuu, kwa sababu ambazo hazina kazi katika sura hii, na yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vilivyochakaa, nikivinunua kimoja kimoja. Mchana nilihesabu katoni za sabuni katika duka la jumla huko Kikuubo, jioni nilisoma. Usajili wa mtihani ulikuwa unafungwa baada ya wiki kumi. Msomaji kijana anapaswa kuelewa muhuri ule ulikuwa kitu gani. Serikali iliyoingia baada ya vita vya 1986 ilileta mabaraza ya mitaa, ambayo wakati ule tuliyaita RC, na barua ya baraza lako ndiyo iliyosema wewe ni nani: ukitafuta kazi, ukisafiri, ukimdhamini ndugu polisi, hata ukizika. Baraza pia liligawa sukari kwa bei ya serikali, kwa kufuata idadi ya nyumba. Laini yetu, yaani vyumba vya reli na polisi vilivyoko bondeni, ilihesabiwa chini ya mtaa wa juu, na nyumba zetu zilikuwemo katika orodha ya sukari ya mwenyekiti, ingawa sukari yenyewe haikuwahi kuteremka ule mteremko. Kwa sukari tulikuwa wakazi. Kwa barua tulikuwa wapita njia.

Nayaandika haya kwa sababu ya hotuba moja. Mwezi uliopita tulikutana kumshukuru Mungu kwa miaka themanini ya Mama Okot, mjane wa polisi ambaye kwake niliishi mwaka ule. Walikuja watu wa Laini kutoka Gulu, kutoka Jinja, na mmoja kutoka Bukavu, na palikuwa na turubai, vipaza sauti na viti vyeupe vya kukodi. Mwenyekiti wa sasa wa mtaa wetu, kijana mwenye suti iliyompendeza, alisimama akasema mtaa huu ulizaliwa siku waziri fulani alipotutembelea. Watu wakapiga makofi. Mama Okot, aliyekaa katikati na shada la maua shingoni, aliniegemea sikioni akauliza, "Waziri gani? Yeye pia alileta sigiri yake?" Nilicheka hadi jirani yangu akanipa leso. Kijana hana kosa, kwani mwaka ule hakuwa amezaliwa. Ila jambo linalosemwa kwenye kipaza sauti bila kusahihishwa, baada ya miaka kumi huwa historia, na mimi nilikuwa karani wa jambo hili. Madaftari yake ninayo.

Laini ya Chini ilikuwa mistari miwili ya vyumba vilivyotazamana, milango thelathini na miwili kila upande, na katikati uwanja mwembamba wenye bomba moja la maji na kamba za kuanikia nguo. Kwa maelezo ya Mzee Opio, ambayo niliyalinganisha na maelezo ya wengine wawili kabla ya kuyaandika, vyumba vilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Treni zilipopungua, polisi wakaingia katika vyumba vilivyobaki wazi. Baada ya vita zikaja familia za askari, nyingi kutoka kaskazini, na nyuma yao wakaja shemeji, wapwa na majirani wa mashemeji. Kanuni ilibaki ileile: chumba kimoja, familia moja, hakuna mpangaji. Chumba cha Mama Okot kilikuwa na hatua tano kwa nne. Kitanda chake na watoto wake kilikuwa upande wa dirisha. Nyuma ya pazia la maua palikuwa mkeka wangu na kikasha cha vitabu. Nyuma ya pazia la pili, lililoshonwa kwa magunia ya unga, aliishi Maman Furaha, mshonaji kutoka Zaire, kama nchi ile ilivyoitwa wakati huo, pamoja na watoto wake wanne na cherehani. Mkaguzi wa nyumba alipotokea, Mama Okot alimwambia kwamba huyu ni mgeni, amekuja leo. Maman Furaha alikuwa amekuja leo kwa miaka miwili.

Usiku nililala nikiwasikiliza kupitia mapazia. "Wewe Mama Furaha, hii majani yako ya muhogo unapika mpaka lini? Makaa inalia," Mama Okot angesema. Na yule mwingine, bila kuacha kukanyaga cherehani: "Acha iive, mama. Miye sikule majani mabichi sawa mbuzi ya kwenu." Walikuwa na sigiri mbili, kila mmoja yake, jiko dogo la makaa lenye masikio matatu, na hawakupika pamoja hata siku moja, kwa sababu mmoja alitia karanga katika kila kitu na mwingine mawese. Nilidhani ni ubishi wa akina mama tu. Sikujua kwamba ubishi huo ndio utakaotuokoa.

Nilipowasimulia kuhusu muhuri, Mama Okot aliacha kupepeta mtama. Yeye alikataliwa barua mara tatu, na ya mwisho ilikuwa ya kuchukua mafao ya marehemu mumewe. "Basi tutafute muhuri yetu," alisema, kana kwamba muhuri ni kitu cha kuchimba shambani. Siku ya tatu tulikuwa ofisi ya wilaya: Mama Okot mbele na gauni la kanisani, Mzee Opio na koti la reli, mimi nyuma na daftari. Afisa aliyehusika na mitaa alikuwa Bwana Kizito, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni. Alitusikiliza, akafungua jalada. Mtaa mpya, alisema, unahitaji kaya mia moja. Mwenyekiti wetu alikwisha kumwandikia kwamba Laini ina milango sitini na minne. Kwa hiyo, alisema kwa huruma ya kweli, haiwezekani.

"Mlango si kaya," nilisema.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza, akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Nani amekwambia hivyo, nnyabo?"

"Kijitabu chako. Ukurasa wa tatu."

Kijitabu kilikuwa mezani kwake, kimefunguliwa, na katika dakika arobaini za kungoja nilikuwa nimekisoma kichwa chini miguu juu. Kilisema kwamba kaya ni mtu au watu wanaokula chungu kimoja. Bwana Kizito alikigeuza, akasoma, akakuna shavu. Kisha akanipa rundo la fomu. "Mimi naandika kile naona kwa macho," alisema. "Wewe orodhesha. Ukipata mia, niite, nakuja kuona." Nje Mzee Opio alitazama saa yake, akatangaza kwamba serikali imetupa dakika kumi na saba, muda mrefu kuliko aliowahi kupewa na shirika la reli katika miaka thelathini.

Nimefanya kazi nyingi tangu wakati ule, lakini hakuna niliyoipenda kama ile. Kila jioni, nikitoka Kikuubo na harufu ya sabuni mwilini, niliingia mlango mmoja au miwili. Nilikaribishwa chai, nilikaribishwa uji, na kwa mke wa koplo mmoja nilikaribishwa kumbikumbi wa kukaanga, nikasahau kuuliza swali la sita. Nilijifunza kuwa watu hawadanganyi kwa sababu ya uovu bali kwa sababu ya kanuni. Kila chumba kilikuwa na mgeni aliyekuja leo. Ilinibidi kuahidi mlango kwa mlango kwamba fomu ni za baraza na hazitafika kwa mkaguzi wa nyumba, na nilifunga orodha katika kikasha changu kwa kufuli. Mama Okot mwenyewe alinishinda siku nzima. Nilimuuliza ana watoto wangapi, akanikunjia uso. "Watoto haihesabiwi. Mbuzi ndiyo unahesabu, sababu unataka kuuza." Nikafikiri, nikamwambia basi asihesabu, anitajie majina tu. Alitaja taratibu, kila jina na habari zake, mmoja mkaidi, mmoja mpenda ngoma, nami nikaandika. Alipomaliza aliuliza, "Ule wa tano umeandika? Ule amelala Kitgum kwa udongo." Fomu haikuwa na mahali pa mtoto huyo. Niliandika jina lake katika daftari langu mwenyewe, nikamwonyesha, akaridhika. Tangu hapo sikumuuliza mtu yeyote idadi. Niliuliza majina, na hesabu nikaifanya baadaye peke yangu, kwa maharage ndani ya bakuli.

Wiki ya tano orodha ilikamilika. Niliihesabu mara mbili, mara ya kwanza kutoka mlango wa kwanza, mara ya pili kutoka mlango wa mwisho, kama tulivyohesabu katoni Kikuubo, ambako mtu anayehesabu kutoka upande mmoja tu huonwa mwizi au mvivu. Kaya mia moja na saba. Nilikwenda kumwita Bwana Kizito, naye akasema angekuja Jumamosi mchana, pamoja na mwenyekiti wa mtaa wa juu kama sheria inavyotaka.

Hapa ndipo kosa letu lilipofanyika, na kosa lilianza na mimi. Ijumaa jioni niliwakusanya akina mama penye bomba, nikawaeleza kwa ufupi, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye hisabati, kwamba serikali haihesabu milango wala vitanda, inahesabu chungu. Nilisema hivyo tu, kisha nikaenda kusoma. Asubuhi niliondoka mapema kwenda dukani kuomba ruhusa. Niliporudi saa sita na nusu, nilisikia vicheko kabla sijafika kona. Uwanjani mlikuwa na meko matatu makubwa ya mafiga, na juu yake sufuria tatu za kanisa, zile za harusi, ambazo huhitaji watu wawili kuziinua. Moja ilijaa majani ya malakwang yenye karanga, ya pili samaki, ya tatu sombe, yale majani ya muhogo ya Maman Furaha, ambaye kwa mara ya kwanza aliruhusiwa kutia mawese hadharani. Wanawake wote wa Laini walikuwa wanasonga, wanakoroga, wanaimba. Sigiri zote zilikuwa zimezimwa na kuingizwa ndani ili uwanja uwe safi.

"Mama Okot," niliuliza, na sauti yangu mwenyewe niliisikia kwa mbali, "hii ni nini?"

"Chungu," alisema, akipangusa jasho kwa furaha. "Si ulisema wanahesabu chungu? Sasa tukileta hivi vidogo vidogo vyetu, watasema watu ni kidogo. Tumeleta kubwa. Wataona sisi ni wengi."

Sikupata muda wa kujibu. Bwana Kizito alikuwa anateremka na jalada kwapani, na mwenyekiti nyuma yake. Walisimama mbele ya sufuria. Mwenyekiti alizitazama, moja, mbili, tatu, kisha akaanza kucheka polepole, bila ubaya, kama mtu aliyeokota noti njiani. "Banange, jamani," alisema. "Afisa, kitabu chako kinasema nini? Chungu kimoja, kaya moja. Andika kaya tatu." Maman Furaha aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sabina, tumekosa wapi?" na mimi sikuweza kumtazama. Bwana Kizito alikaa kwenye kigoda. Aliletewa sahani, akala malakwang, akaongezewa, akala sombe, akauliza chakula hicho kinaitwaje, akaongezewa tena. Kisha alipangusa vidole, akatoa kalamu ya pili, na kwa huzuni ya mtu mwaminifu akasema, "Mimi naandika kile naona."

Nimewahi kuulizwa ni lini niligundua kwamba kusoma kwangu kulikuwa na faida. Ni dakika ile. Nilikumbuka ukurasa wa nne wa kijitabu, mstari wa chini kabisa, nikausema kwa sauti: chakula cha sherehe hakihesabiwi. "Bwana Kizito," nikasema, "hiki ni chungu cha mgeni. Mgeni ni wewe. Ukitaka kuona chungu cha nyumba, uje asubuhi, kila mtu akipika uji wake."

Alikitoa kijitabu mfukoni, akasoma ukurasa wa nne, midomo ikicheza. "Kesho ni Jumapili," alisema hatimaye. "Nakuja Jumatatu. Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika ishirini," Mzee Opio alijibu kutoka mlangoni kwake, bila kuulizwa. "Ukichelewa, treni imekwenda."

Jumapili mwenyekiti hakukaa bure. Hadi jioni habari ilikuwa imezunguka Laini yote: atakayetoa nje sigiri mbili kwa mlango mmoja, jina lake litapelekwa kwa mkaguzi, na chumba kitafungwa. Sina ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeitoa, kwa hiyo sisemi hivyo. Nasema tu kwamba iliteremka kutoka juu. Usiku ule chumbani kwetu hakuna aliyebishana kuhusu majani. Cherehani ilikuwa kimya. Nilimsikia Maman Furaha akisema, "Mama Okot, miye nitatoka mbele ya asubuhi. Nitaenda kwa dada wa kanisa na batoto. Usipoteze nyumba sababu ya miye." Nilingoja kusikia jibu la Mama Okot mpaka usingizi ukanichukua.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na tano nilikuwa uwanjani na Bwana Kizito, aliyewahi kufika, na mwenyekiti, aliyevaa sweta juu ya nguo za kulalia. Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Milango sitini na minne ilikuwa imefungwa. Harufu ya makaa ilikuwepo, kwa sababu watu walikuwa wamewasha ndani na kujifungia na moshi, na kutoka kila chumba tulisikia kikohozi. Mwenyekiti alipiga mwayo. Mzee Opio alitoka na sigiri yake moja, akaiweka mbele ya mlango wake, akasimama kando yake wima na koti la reli, akitazama saa. Ilikuwa sigiri moja katika uwanja mzima. "Dakika ishirini," alisema.

Mlango wa Mama Okot ukafunguliwa. Alitoka kinyumenyume, akiburura sigiri yake kwa sikio, akaiweka. Kisha akarudi ndani, akatoka na nyingine, ile iliyoungua upande, ambayo kila mtu aliijua. Nyuma yake alikuja Maman Furaha, mtoto mgongoni na watoto watatu wakishika kitenge chake. Hakuwa amekwenda popote. Baadaye niliambiwa kwamba Mama Okot alilala amekalia viatu vya mwenzake asiondoke.

"Hii ni yangu," Mama Okot alimwambia Bwana Kizito, kwa sauti iliyofika mtaa wa juu. "Na hii ni ya huyu. Si mgeni. Anakaa hapa miaka mbili. Sisi hatuli pamoja, sababu chakula yake mimi sipendi."

"Ni kweli," alisema Maman Furaha. "Na miye ya kwake sipendi. Niandike."

Mtu mmoja alicheka ndani ya nyumba, mlango wake ukafunguka, moshi ukatoka, na nyuma ya moshi mke wa koplo na sigiri mbili, na shemeji yake na ya tatu. Kisha ikawa kama mvua inapoanza kwenye bati: mmoja hapa, mmoja pale, halafu huwezi tena kuzitenganisha sauti. Watu walitoka wakikohoa na kucheka na macho mekundu. Sufuria za uji zilipandishwa. Nilimwomba Bwana Kizito tuhesabu kwa njia ya Kikuubo, yeye akaanzia mlango wa kwanza na mimi wa mwisho, kila mmoja akapita laini nzima, tukapishana katikati penye bomba bila kutazamana. Tulipomaliza tulionyeshana karatasi. Yake ilisema mia moja na nne. Yangu ilisema mia moja na nne.

"Ni mia na saba," nilisema. "Watatu hawana makaa leo. Naweza kukupeleka."

"Nnyabo, mia na nne inatosha."

"Inatosha, lakini si kweli."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka. "Naandika kile naona," alisema, akaandika mia moja na nne, na jambo hilo lilinisumbua kuliko nilivyomwambia mtu. Mwenyekiti alitia sahihi yake ya shahidi juu ya goti. Nataka kumtendea haki: alipokaribishwa uji, aliunywa, na alipoondoka alimwambia Mama Okot, "Sasa nyinyi mmekaa." Mkaguzi wa nyumba hakuja mwezi ule wala uliofuata. Alipokuja, alikuta baraza, na baraza lilimwandikia barua.

Uchaguzi ulifanyika penye bomba, kwa desturi ya wakati ule ambayo vijana hawaijui: hakuna karatasi wala sanduku, kila mgombea anasimama, na anayemtaka anapanga mstari nyuma yake, mchana kweupe. Waligombea Mama Okot na Mzee Opio. Mstari wa Mama Okot ulizunguka bomba ukarudi. Nyuma ya Mzee Opio walisimama watu saba. Aligeuka kuwahesabu, akamwona mke wake kule kwa Mama Okot, akauliza, "Wewe pia?" Mkewe akajibu, "Mimi nataka barua, mume ninaye." Mzee alitazama saa yake, akatangaza kwamba uchaguzi umekwisha, akaenda kusimama mwisho wa mstari wa mshindi. Mimi nilichaguliwa katibu bila mpinzani, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuandika.

Baraza lisilo na muhuri bado si baraza. Mchonga mihuri wa mjini alitaka shilingi elfu tano. Mama Okot alisema kila sigiri itoe noti moja ya hamsini, na nilipita na bakuli lilelile la maharage. Sikumkumbusha mtu wala sikumtafuta aliyechelewa. Wale watatu ambao asubuhi ile hawakuwa na makaa walinifuata wenyewe, mmoja hadi Kikuubo. Muhuri ulifika Alhamisi, siku nne kabla ya usajili wa Kyambogo kufungwa. Mama Okot aliusoma herufi kwa herufi, akauhemea kama kioo, akagonga barua yangu ya mistari minne kwa nguvu hivi kwamba kikombe cha chai kiliruka. Barua namba moja. Mtihani niliufanya na nikaufaulu, na hayo ni ya sura nyingine.

Jioni noti ya mwisho ilipoingia, kabla ya kumlipa mchonga mihuri, nilikuwa nimemwaga bakuli mezani, Maman Furaha akihesabu kutoka upande wake na mimi kutoka wangu. Zilikuwa zimekusanywa shilingi elfu tano mia tatu na hamsini. Nikagawanya kwa hamsini, nikapata mia moja na saba. Muhuri ulichukua elfu tano. Zilibaki shilingi mia tatu na hamsini.